Kaske inayokula makelele: kweli au maneno ya soko?



Juma lililopita, tulipomaliza kugawa likelemba, mama mmoja alinivuta kando. Kijana wake anamlilia kila siku amnunulie kaske ya masikio, ile yenye kuandikwa kwenye karton kwamba inaondoa makelele. Muuzaji anaapa kwamba ukiivaa hutasikia hata gurupu. Mama akaniuliza: "Dada, namna gani kitu kinaweza kuzima makelele kwa kuongeza makelele mengine? Ao wanataka kula feza yangu bure?"

Nilicheka, kwa sababu mimi mwenyewe nilijiuliza hivyo mwaka jana. Binti yangu alikuwa anajitayarisha kwa mtihani wa serikali. Umeme ukikatika jioni, gurupu ya jirani inaanza, na ukuta wake na dirisha la chumba cha binti havipishani hata hatua kumi. Mtoto anasoma mstari mmoja mara tatu. Mwisho aliweka ekuteri ndogo masikioni akafungulia muziki kwa nguvu yote ili auzidi mlio wa gurupu. Mimi nikiwa mlangoni nilisikia wimbo wake wote, neno kwa neno. Hapo niliogopa. Ikiwa mimi nausikia nikiwa mlangoni, ndani ya sikio lake kuna nini?

Nikatoa zamu yangu nzima ya likelemba nikanunua kaske. Lakini kabla ya kununua niliuliza, nikasoma, nikajaribu. Leo nawaeleza nilichopata.

Tuanze na makelele yenyewe. Sauti ni hewa inayotikisika. Ukitaka kuamini, gurupu ikiwaka weka kiganja chako kwenye mlango wa mabati: unatetemeka. Ao mwaga punje chache za mchele juu ya mfuniko wa sufuria, uweke karibu na spika ya redio, utaona zinavyocheza. Kile kinachotikisa mabati ndicho kinachotikisa ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio lako. Hewa inasukumwa, inarudi, inasukumwa, inarudi, na mtikisiko huo unasafiri kama mita 340 kwa sekunde moja.

Sasa fikirini mto wetu. Ninyi mnaovuka kwenda Lubunga kwa pirogi mnajua: baleinieri ikipita, inaacha mawimbi nyuma yake. Kila wimbi lina mlima na lina bonde. Ikipita baleinieri nyingine, mawimbi yake yanakutana na yale ya kwanza. Pale mlima unapokutana na mlima, maji yanaruka juu, na pirogi inaingiza maji tunaanza kupiga makelele. Lakini pale mlima wa wimbi moja unapoangukia ndani ya bonde la wimbi lingine, maji yanalala. Kwa kitambo kidogo pahali hapo panakuwa tambarare, ingawa mawimbi mawili yanapita.

Siri yote ya kaske iko hapo. Inasikiliza mlima unaokuja na inatengeneza bonde lenye kipimo kilekile, inalituma kwenye sikio kwa wakati uleule. Mlima na bonde vinafutana. Hewa iliyo mbele ya ngozi ya sikio inabaki karibu kutulia.

Unaweza kuwaonyesha watoto nyumbani kwa kamba ndefu wanayorukia. Mmoja ashike upande huu, mwingine upande ule, kamba ilegee kidogo. Kwa pamoja, wa kwanza apige mkono juu mara moja, wa pili apige mkono chini mara moja. Angalieni katikati: nundu mbili zikikutana, kamba inanyooka kwa kufumba na kufumbua. Watoto wangu walirudia mpaka chakula kikapoa.

Ndani ya kaske kuna vitu vitatu vya kujua. Kwa nje kuna kitundu kidogo chenye mikro, kinachosikia makelele kabla hayajafika kwenye sikio. Ndani kuna kipande cha elektroniki kidogo kuliko ukucha, kinachogeuza: panapopanda kinaandika kushuka, panaposhuka kinaandika kupanda. Kisha kuna spika, ileile inayotoa muziki, inayoimba ule mgeuzo. Kaske nzuri ina mikro nyingine upande wa ndani, karibu na sikio, inayosikiliza kilichobaki na kurekebisha. Ni kama mama anayeonja sombe baada ya kutia chumvi, siyo yule anayetia tu na kuondoka.

Yote hayo yafanyike haraka sana. Kutoka mikro ya nje mpaka sikio ni sentimita chache tu, na sauti inapita sentimita 3.4 katika sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Ndiyo maana kaske hii haifanyi kazi bila batri: inapiga hesabu wakati wote, hata kama husikilizi muziki wowote.

Mama mmoja aliniuliza, basi sikio linapigwa mara mbili, na makelele ya gurupu na makelele ya kaske? Hapana. Kama mabonde yanakaa vizuri ndani ya milima, sikio linapata mtikisiko mdogo kuliko mwanzo. Watu wengine wanasikia kama masikio yameziba, kama mtu aliyezama kidogo majini. Binti yangu alisikia hivyo siku mbili za kwanza, kisha akazoea. Ukiona kichwa kinakuuma, vua.

Sasa nifike pale muuzaji anapodanganya, ao tuseme pale ambapo yeye mwenyewe hajui.

Kaske haizimi kila sauti. Inaweza sana sauti nzito, za chini, zinazoendelea bila kubadilika. Gurupu ndogo za petroli tulizo nazo nyingi zinazunguka mara 3000 kwa dakika, ni mara 50 kwa sekunde, na mota ya pistoni moja inawaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Basi inapiga duu-duu-duu mara 25 kwa sekunde, na sauti nyingine nzito zinaizunguka, za 50, za 75, za 100. Sauti inayotikisika mara 100 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita tatu na nusu hivi. Wimbi refu namna hiyo ni mgeni mpole: kaske ikichelewa kidogo sana, bonde bado linaangukia ndani ya mlima.

Lakini sauti nyembamba ni habari nyingine. Mlio unaotikisika mara 3000 kwa sekunde una wimbi la sentimita 11 tu. Kaske ikichelewa kidogo, mlima umeshapita na mwingine umefika. Na ikichelewa nusu ya wimbi, mlima unakutana na mlima, makelele yanaongezeka badala ya kupungua. Kwa hiyo watengenezaji wanaiacha elektroniki ipambane na sauti nzito, na sauti nyembamba wanaziachia sponji na ngozi inayofunika sikio. Sponji inazuia sauti nyembamba vizuri, lakini sauti nzito inapita ndani yake kama vile haipo. Kila mmoja ana kazi yake. Ndiyo maana kaske isiyofunika sikio sawasawa, ao inayokaa juu ya kitambaa cha kichwa na mishipi ya mawani, inapoteza nguvu yake nusu.

Wazee wetu walijua jambo hili bila elektroniki. Walokele wa kando ya mto, kule Yakusu na kushuka chini, walituma habari kwa lokole, ile ngoma ya gogo lililochimbwa, na habari ilifika kijiji cha mbali usiku, kupita msitu. Mwingereza John Carrington, aliyefundisha huko na kujifunza kuipiga, aliandika kitabu juu yake mwaka 1949. Sauti nzito inakwenda mbali na inapita vizuizi. Ilileta habari ya mazishi na ya ndoa. Siku hizi inatuletea gurupu ya jirani kupitia ukuta wa matofali.

Na mtoto akilia? Kilio cha mtoto mchanga kinaanzia kwenye mitikisiko kama 400 ao 500 kwa sekunde na kinapanda juu zaidi, tena hakifuati mpango: kinapanda, kinakatika, kinarudi. Elektroniki haikiwezi vizuri. Sponji inakipunguza. Basi ukivaa kaske bila muziki, utamsikia mtoto, lakini kama yuko nyumba ya tatu. Ukiongeza muziki, humsikii kabisa. Hili sikulisoma, lilinipata. Siku moja baada ya usiku mbaya nilimwazima binti kaske yake, nikaweka nyimbo kwa sauti ya chini, nikalala mchana. Mjukuu alikuwa amelala kitandani pembeni yangu, mimi nimempa mgongo. Aliyeniamsha ni mama wa nyumba ya jirani, alinishika bega, mtoto yuko mikononi mwake, uso umevimba kwa kulia. Alikuwa ameshuka kitandani na kutambaa mpaka mlangoni, karibu na mbabula. Hakuungua. Tangu siku ile mwenye kulinda mtoto nyumbani kwangu havai kaske, hata mimi mwenye nyumba.

Ni vilevile barabarani. Vijana wetu wa toleka na wa piki-piki wanapenda kuweka kitu masikioni. Mlio wa kamio linalokuja nyuma ni sauti nzito inayoendelea, yaani ni ile hasa ambayo kaske inaifuta vizuri kuliko zote. Mwambieni mtoto hivyo hivyo, kwa sababu ile. Ukimwambia tu "usivae", hatasikia.

Nani aliyeleta wazo hili? Si jambo la jana. Mjerumani Paul Lueg alipewa hati yake ya uvumbuzi Marekani mwaka 1936, ikieleza namna ya kuzima sauti kwa sauti iliyogeuzwa. Vifaa vya wakati ule havikuweza kuifanya kazi hiyo masikioni. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa karibu na Boston ambaye baba yake alitoka India, alikuwa ndani ya ndege akirudi kutoka Zurich. Alipewa kaske ya kusikilizia muziki, lakini mlio wa mota ulikuwa unaufunika wote. Alianza kupiga hesabu palepale kwenye kiti chake. Mwaka 1986 ndege ndogo iliyoitwa Voyager ilizunguka dunia nzima bila kutua wala kuongeza mafuta, siku tisa, na watu wawili ndani: Dick Rutan na mwanamke, Jeana Yeager. Walivaa kaske za majaribio za Bose ili mlio wa mota usiwaharibu masikio. Mwaka 1989 zikaanza kuuzwa kwa marubani. Kwa hiyo kabla ya kuwa kitu cha muziki kilikuwa kitu cha kulinda masikio ya watu wanaokaa karibu na mota.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwenzetu wa mashini ya kusaga. Wengi mnamjua. Miaka mingi anasaga mihogo na mahindi yetu, mashini iko pembeni ya sikio lake la kulia kuanzia asubuhi. Siku hizi anasema kwa sauti kubwa hata katika mkutano, na sisi tunamcheka. Aliniambia kwamba usiku masikio yanalia nziii peke yao, na kwamba wajukuu wakisema naye kutoka upande wa kulia anaona midomo tu. Alipoiona kaske ya binti alitaka kuinunua kwa mashini.

Tulikwenda kujaribu. Mngurumo wa mota ulishuka sana, akashangaa. Lakini kilio cha chuma na mawe yanayosagana kilibaki. Nikalazimika kumwambia ukweli: kaske hii ya muziki haikutengenezwa kwa kazi ile. Anayohitaji ni zile za wafanyakazi, vikombe vigumu viwili vyenye sponji nene, bila batri, kama zile wanazovaa watu wanaokata miti kwa mashini msituni. Ao vizibo vidogo vya sponji vya kusokota na kuingiza sikioni. Vyote ni rahisi kuliko kaske ya muziki, na vinazuia sauti nyembamba ambayo ndiyo inayomla. Kilichokwisha haribika hakirudi. Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti, na vikifa havioti tena. Ila kile kilichobaki bado anaweza kukilinda.

Kipimo rahisi kwa sisi tusio na vyombo: ukisimama na mwenzako umbali wa mkono mmoja, na unalazimika kupiga kelele ili akusikie, pahali hapo panaharibu masikio. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Ukifika 90 umebakiwa na saa 4 tu kwa juma zima. Binti yangu alikuwa anazidi hapo kila jioni, kwa muziki wake tu.

Na hilo ndilo faida kubwa ya kaske niliyoiona nyumbani. Ukimya peke yake si kitu: faida ni kwamba gurupu ikishushwa, mtoto hana haja ya kushindana nayo. Alishusha muziki mwenyewe. Siku nyingine hasikilizi chochote, anawasha tu na kusoma.

Kama bado unataka kununua, shika haya. Usisome karton. "Anti-bruit" wanaandika hata juu ya sponji tupu. Angalia herufi: ANC ndiyo hii niliyoeleza. ENC ni kitu kingine, inasafisha sauti yako ili yule unayempigia simu akusikie vizuri, masikio yako hayapati kitu. Wengi wameuziwa ENC wakidhani wamenunua kimya. Tafuta vitundu vya mikro kwa nje. Kisha omba kuijaribu palepale sokoni, karibu na gurupu ya duka fulani, bila muziki: vaa, washa, zima, washa. Kama mngurumo unashuka ukiwasha na kurudi ukizima, ni ya kweli. Kama hakuna tofauti, mrudishie. Muuzaji akikataa kukujaribisha kwa sababu batri imekwisha, msalimie kwa heshima na uende.

Nimebakiza jambo moja, na pengine ningelianza nalo ningebaki na likelemba yangu. Baada ya kununua kaske nilikwenda kwa jirani na wamama wawili, si kwa ugomvi, tulibeba na ndizi. Tulimwomba asogeze gurupu upande wa pili wa uwanja wake na aiweke juu ya tairi la zamani, bomba la moshi liangalie mbali na madirisha. Umbali ukiongezeka mara mbili pahali palipo wazi, sauti inapungua kama desibeli 6, na tairi linazuia mtetemo usishuke kwenye sakafu. Alikubali bila neno, akasema hakuna aliyewahi kumwomba. Lakini sikieni: isogezwe nje, kamwe isiingizwe ndani ya nyumba wala kwenye baraza lililozibwa ili isisikike. Moshi wake una hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Yule mwenzetu wa mashini hajapata vikombe vyake bado. Tumekubaliana kwamba Alhamisi tutafungua sanduku la kikundi tuone kama feza inatosha ya vikombe viwili, cha kwake na cha kijana anayemsaidia, maana na yeye ana miaka kumi na saba na anasimama upande uleule. Nitaleta na kaske ya binti kwa yeyote anayetaka kuijaribu. Mwenye kamba ndefu aje nayo.